Sentimita nane

Jumatano iliyopita, baada ya sala ya alasiri, waliniingilia dukani watoto wawili wamenuniana. Watoto nasema mimi. Mmoja ana miaka 21, mwenziwe 20. Wa kiume ni mtoto wa kaka yangu, kwa hivyo mimi ni ami yake. Wa kike ni mtoto wa dada yangu, kwake mimi ni mjomba. Wakigombana mbele yangu huitwa mara mbili kwa pumzi moja, "Ami, mwambie huyu!", "Mjomba, wamsikia huyu?", na mimi niko katikati na suruali ya askari wa lindo iliyopasuka matakoni. Majina yao siyaandiki. Wamenikataza, na nyumbani kwa dada yangu bado nataka kualikwa futari.

Wote wawili wameomba nafasi za ukadeti jeshini. Wameshatuma maombi, sasa wanasubiri. Kila siku alfajiri hukimbia pamoja na vijana wenzao kama ishirini, kutoka huku kwetu Majengo, Mombasa, mpaka bustani ya ufukweni ya Mama Ngina. Hupumua kidogo hapo wakitazama meli zinazoingia Kilindini, halafu hurudi. Kijana anataka Jeshi la Wanamaji. Amekua akiizungumza kambi ya Mtongwe kila akivuka Likoni kwenda kwa bibi yake, na nadhani alizipenda zile meli za kijivu kabla hajajua kusoma. Binti hasemi anataka nini. Anasema atakwenda watakakompeleka.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa sentimita nane.

Matangazo ya kuandikisha jeshini hapa Kenya humtaka mwanamume awe na urefu usiopungua mita 1.60, na mwanamke mita 1.52. Kijana alikuwa amelishikilia jambo hilo tangu asubuhi. "Ami, wao wamepunguziwa. Halafu tukifika huko tutaambiwa sote ni sawa. Usawa gani huu, mmoja aanzia mbio katikati ya njia?"

Mimi ni fundi. Mtu akiniletea hoja ya vipimo, mdomo wangu hauna kazi. Nilivuta futi shingoni nikamwambia avue viatu. Akasimama kwenye mwimo wa mlango, nikamwekea rula kichwani, nikapiga mstari kwa chaki, nikapima. Mita 1.61. Nikarudia. Mita 1.61, na hapo nywele nimezihesabu. Binti akavua viatu bila kuambiwa, akasimama palepale. Mita 1.66.

Duka likawa kimya. Mwanagenzi wangu, msichana wa Kisauni, akaiinamia overloki kama mtu aliyedondosha sindano.

"Mjomba," binti akasema, "mtafutie viatu vya kisigino, asije akakosa nafasi."

Akacheka. Mwanagenzi naye uzalendo ukamshinda. Nikamwona kijana anatazama sakafu, na kidevu kimemkaza. Nikamwambia binti kwamba neno hilo angelisikia linasemwa juu ya kifua chake asingelicheka, na mimi ningelikuwa wa kwanza kusimama. Alinitazama kama nimemsaliti. Akavaa viatu akaondoka bila kuniaga, jambo ambalo tangu azaliwe hajawahi kunifanyia.

Kijana akabaki akijiona ameshinda. Hakuwa ameshinda kitu, ila nilimwacha kwanza. Miaka thelathini nimepima watu na kama kuna kitu ninachokijua ni kwamba watu hawakukatwa kutoka robota moja. Kiuno 28 na kiuno 38 ni suruali ya sare moja, na sijasikia mwenye 28 akiambiwa amependelewa kitambaa. Hata hivyo swali lake si la kipuuzi. Mzigo ukiwa wa kazi, uwe mmoja. Jiwe halimuulizi anayelibeba, na mwenzako aliyejeruhiwa hapungui uzito kwa kuwa wewe ni mwanamke au kwa kuwa wewe ni mfupi. Kipimo cha mlangoni na kipimo cha kazi ni vitu viwili, na mtu akivichanganya ugomvi hauishi. Hayo ndiyo maoni yangu, na si mwanajeshi mimi; sare za jeshi hata sizishoni, maana si kazi ya fundi wa mtaani. Nashona za shule, za wauguzi, za maaskari wa lindo na za skauti.

Kilichonifanya ninyamaze ni kitu kingine. Nilipotaja zile nambari, 1.61, 1.66, nilisikia sauti ya mtu mwingine akitaja nambari kwa sauti ya juu, na mimi nikiandika.

Ilikuwa mwaka 1994. Watu wa Mombasa wanaukumbuka kwa feri ya Mtongwe iliyozama tarehe 29 Aprili ikaondoka na watu 272. Siku ile mimi sikuwapo. Nilikuwa na miaka 19, nimepata kazi bara kwenye chuo kimoja cha mafunzo ya watu wa sare. Chuo gani, cha kikosi gani, kwangu hamtakijua. Habari za feri nilizisikia redioni nikiwa nimeshika pasi, na mpaka barua ya nyumbani ilipofika sikujua nani wetu yuko hai.

Sisi washonaji tulikuwa raia. Tulipima makuruta walipoingia, tukapunguza na kuongeza sare zilizokuja kwa makasha, tukatia viraka, tukapiga pasi za siku kubwa. Fundi mkuu alikuwa mtu wa makamo, hodari kwelikweli. Yeye ndiye aliyenifundisha kukata kosi likakaa bila kupinda. Ameshafariki, Mungu amrehemu. Yaliyo yake nimemwachia mwenyewe, lakini haya hayaelezeki bila yeye.

Makuruta wa kike walikuwa wachache, hawajazi meza mbili za bwalo. Stoo yetu ilikuwa ya mabati, foleni imesimama nje juani, wa kiume mbele na wa kike nyuma. Wa kiume aliwapima kama mtu anayehesabu magunia: bega, kifua, kiuno, mguu, haya mwingine. Nambari alikuwa akininong'oneza mimi mwenye daftari. Walipofika wa kike mkono wake ukapata uvivu, na sauti ikapanda. Kifua alikitaja kama mnadi. "Thelathini na sita!" Wale wa kiume waliokwisha kupimwa walikuwa hawajaondoka, wamejibanza ukutani, na kila nambari ikitoka wanaitikia kwa vigelegele. Bati halizuii sauti, iwe ya ndani au ya nje.

Niliandika 36.

Wa tano au wa sita alikuwa mrefu, ana kovu dogo kwenye nyusi. Alipoambiwa anyooshe mikono alinyoosha mmoja tu, kiganja juu. "Fundi, nipe hiyo futi." Fundi mkuu akacheka. Yeye hakucheka. Akanigeukia mimi, kwa kuwa futi ya akiba ilikuwa shingoni mwangu, akasema taratibu, "Kaka, tafadhali." Nikampa. Akajipima mwenyewe, na alijua kupima. Mguu tu ndio uliomlazimu anishikishe ncha ya futi. Kisha akachukua kalamu akajiandikia. Waliomfuata wakafanya vivyo hivyo. Nambari hazikutajwa tena, na huko nje, kwa kukosa cha kuitikia, wakaanza kutawanyika mmojammoja.

Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi. Mke wangu anakijua, wanagenzi wangu wote wanakijua, ndiyo maana dukani kwangu mteja wa kike hupimwa na msichana au hujishikia futi mwenyewe. Na kila nikikisimulia nimekuwa nikikikata hapo, kama kitambaa chenye doa unachokikunja doa likae ndani.

Baada ya siku mbili, jioni, walikuja makuruta watatu na soda mbili na maandazi ya moto. Walitaka kuliangalia daftari tu. "Dakika moja, fundi." Njaa nilikuwa nayo, lakini sitasingizia njaa. Nilitaka kupendwa. Wao walikuwa rika langu, wana mabuti na mikanda, na mimi nilikuwa kijana wa cherehani niliyekuwa nikiitwa "wewe". Jioni ile niliitwa fundi. Nikawafungulia ukurasa. Wakanakili, mimi nikanywa soda.

Asubuhi karatasi ilikuwa ukutani bwaloni. Majina ya wa kike, mbele ya kila jina nambari, na mbele ya kila nambari alama, kama za mtihani.

Yule wa kovu akaenda kwa afande kulalamika, peke yake, wenziwe wakimsihi aache. Afande akafanya kilichokuwa kikifanywa wakati ule. Akauliza nani amefanya, hakuna aliyejibu, akawatoa wote uwanjani, wa kiume na wa kike, kwenye tope la mvua ya usiku. Wakatambaa, wakajiviringisha, mpaka karibu adhuhuri. Kabla ya hapo alipitia stooni. "Daftari hili hukaa wapi?" Nikamjibu, "Hapa mezani, afande. Yeyote aweza kuingia." Ukilichambua jibu lile neno kwa neno hulikuti na uongo. Daftari lilikaa mezani kweli, na stoo haikuwa na kufuli.

Kwa hiyo chuo kizima kilioga matope siku ile, na aliyefungua ukurasa alikuwa mkavu chini ya bati, anatia uzi kwenye sindano.

Nimelifikiria sana lile tope. Wanaoipenda adhabu ya jumla husema inajenga umoja, kila mtu amchunge mwenziwe. Nilichokiona mimi ni kwamba ilimfundisha kila mtu kumchukia aliyesema. Usiku ule hakuna aliyeuliza nani alibandika karatasi. Waliuliza nani alikwenda kwa afande. Kuanzia siku ile yule msichana alikula peke yake, na wa kwanza kuihama meza yake walikuwa wasichana wenziwe, ambao majina yao yalikuwa ukutani pamoja na lake. Wasichana haohao ndio waliompa kuruta mmoja mwembamba, ambaye sauti yake ilikuwa haijakomaa, jina la Bibi Harusi, na jina likamganda mpaka maafande wakawa wanamwita hivyo gwarideni. Uonevu haukuwa na suruali wala sketi pale.

Siku ya kufuzu nilimpigia yule wa kovu pasi sare yake. Aliijia mapema kabla ya wenziwe. Akaikagua mikunjo, akaridhika, akanitazama usoni. "Asante, kaka. Wewe ndiye uliyenipa futi."

Nikajifanya natafuta kifungo.

Siku hizi usingizi ukinikataa husoma simu. Wengine husoma mpira, mimi husoma sare. Ndivyo nilivyokutana na koti la West Point, chuo cha kijeshi cha Marekani. Koti lao la gwaride ni la kijivu, limebana kiunoni, vifungo vya shaba vimepangwa kifuani, na nyuma lina mikia. Mwaka 1975 rais wao, Gerald Ford, alitia saini sheria ya kuvifungulia wanawake vyuo vya kijeshi, na Julai 1976 wakaingia wanawake 119 hapo West Point. Waliobuni sare zao wakaikata ile mikia. Waliona haitakaa vizuri kwenye nyonga za mwanamke.

Mimi nililiwaza koti lile kwa jicho la kazi. Safu nzima ya gwaride, itazame kwa nyuma: mkia, mkia, mkia, halafu pengo, halafu mkia. Kila aliyekuwa uwanjani jicho lake litaangukia wapi? Walitaka kuficha makalio wakayawekea taa. Na haya si makosa ya fundi asiyejua kazi. Koti lilishonwa vizuri mno. Ni makosa ya mtu aliyemtazama mwanajeshi akaona nyonga. Baadaye mikia ikarudishwa. Kati ya wale 119, waliofuzu mwaka 1980 walikuwa 62, wala sisemi wengine waliangushwa na koti.

Lililonichekesha, kicheko cha uchungu, ni hili. Wapo wakubwa waliohofia kwamba wanawake watakishusha hadhi chuo. Basi mwaka uleule wa 1976, miezi michache kabla mwanamke wa kwanza hajakanyaga pale, iligunduliwa kwamba makadeti kwa makumi walikuwa wamenakiliana kazi ya somo la umeme waliyopewa kufanyia vyumbani. Wanaume watupu. Zaidi ya 100 waliondoka chuoni, na wengi wao baadaye wakaruhusiwa kurudi.

Wana mwiko wao, mfupi, unaingia kwenye kiganja. Kadeti hasemi uongo, hadanganyi kwenye kazi, haibi, wala hamvumilii anayefanya hayo. Vitatu vya mwanzo vinafahamika hata chuoni kwetu madrasa. Kile cha nne ndicho nilichokisoma mara mbili, nikaweka simu kifuani nikatazama dari. Kunakili daftari sikunakili. Kubandika sikubandika. Uongo, ukipima kwa futi ya wakili, sikusema.

Wala mwiko ulioandikwa ukutani haumlindi mtu wenyewe. Chuo chao cha wanahewa, ambacho nacho kina mwiko kama huo, kilitikisika mwaka 2003 baada ya makadeti wengi wa kike kusema wamedhulumiwa na wenzao, na baadhi yao wakaeleza kwamba walipokwenda kushtaki waliadhibiwa wao, kwa makosa madogomadogo ya nidhamu yaliyoonekana njiani. Viongozi wa chuo wakabadilishwa. Niliposoma pale nikamwona yule wa kovu, anakula peke yake.

Alhamisi alikuja dada yangu. Nilidhani amekuja kunigombeza kwa kumkemea bintiye, kumbe ameleta mbaazi. Aliketi kwenye kigoda cha wateja, akafungua bakuli, akaniangalia nikila mahamri matatu kabla hajasema lililomleta.

"Kaka, kule watalala vipi? Wa kike na wa kiume kambi moja?"

Nikamwambia mabweni ni mbalimbali. Nikamweleza habari ya Fatuma Ahmed, aliyejiunga na jeshi mwaka 1983, wakati wanawake wa jeshi letu walikuwa bado wametengewa kikosi chao peke yao. Kikosi kile kikavunjwa mwishoni mwa miaka ya 1990, wakaingizwa kwenye majeshi yote, na yeye akapanda cheo baada ya cheo, mwaka 2018 akawa mwanamke wa kwanza Kenya kuwa meja jenerali, na mwaka 2024 akateuliwa kuliongoza Jeshi la Wanahewa. Nilieleza vizuri, nikaona fahari kama vile nimemlea mimi.

Dada yangu alisikiliza mpaka mwisho. Adabu zake ndizo hizo.

"Huyo ni mmoja, na Mungu amzidishie. Mimi nauliza juu ya wangu."

Nikataja sheria. Tangu mwaka 2006 tuna Sheria ya Makosa ya Kingono, na Katiba ya 2010 imesema wazi kwamba wanawake na wanaume wana haki ya kutendewa sawa. Akafuta mkono kwa leso yake.

"Sheria huja asubuhi, kaka. Mimi nauliza usiku wenyewe nani atakuwa pale."

Sikuwa na jibu. Nilitazama bakuli. Nilitaka kumwambia kwamba binamu wa bintiye atakuwapo, lakini kwanza, wote wawili wakipata nafasi si lazima wapelekwe mahali pamoja, na pili, nilikuwa sijajua bado kama huyo binamu ni mtu wa kuwapo.

Ijumaa, baada ya sala, kijana alikuja peke yake akiwa na kanzu na kofia yake. Hakukaa. Alizunguka akigusa vitambaa, mara hiki bei gani, mara kile kimetoka wapi. Mwanagenzi alikuwa ameenda nyumbani mapema. Nikazima cherehani.

"N'ambie."

Akatoa simu. Kikundi chao cha mbio kina ukurasa wao wa WhatsApp, wasichana wamo. Lakini kumbe kuna mwingine, wa wavulana peke yao. Humo Alhamisi mtu alikuwa ametia picha iliyopigwa alfajiri Mama Ngina, kwa nyuma, msichana anakimbia. Uso hauonekani. Chini ya picha walikuwa wakitoa alama. Saba. Tisa. Mmoja kaandika kumi na nyota.

Nikaivuta picha kwa vidole viwili. Sikutazama walichokuwa wakikitazama wao. Nilitazama mshono wa mfuko. Ulikuwa mshono pacha, uzi wa bluu juu ya kitambaa cheusi, kwa sababu siku niliyoshona suruali ile uzi mweusi ulikuwa umeniishia na binti alikuwa na haraka. Aliniomba iwe pana, iende chini mpaka kifundo cha mguu, na iwe na mifuko ya kutia funguo na nauli. Mita mbili na nusu za kitambaa nilizitia pale ili asitazamwe, na bado.

(Binti ameisoma makala hii kabla yenu. Amefuta sentensi mbili zangu, ya kisigino ameiacha. Na amesema niandike kwamba kwa kijana ameshakwenda kuomba radhi, ingawa kwa mujibu wa kijana radhi yenyewe ilikuja na kicheko.)

"Ulijua ni yeye?"

"Nilijua, Ami. Ndiyo maana nikatoka kwenye kikundi. Papo hapo."

"Na ungekuwa hujui ni yeye?"

Hakujibu. Nje muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe.

"Kabla hujatoka ulisema nini?"

"Sikusema kitu. Nilitoka tu."

"Basi wao wajua umetoka kwa nini? Labda wadhani simu yako imeisha bando."

Akafungua mdomo, akaufunga. Akasema, kwa sauti ya mtu anayejitetea mbele ya kadhi, kwamba yeye hakupiga picha, hakuituma, hakutoa alama. Nikamsikiliza mpaka akamaliza, kama nilivyosikilizwa na dada yangu. Kisha nikamwambia akae. Nikamsimulia habari ya futi, ambayo alikuwa ameisikia tangu utotoni, akawa anatikisa kichwa, eh, eh, naijua hiyo. Nilipofika pale ninapokata kila siku, sikukata. Nikamweleza soda. Nikamweleza maandazi, na daftari lililokuwa mezani.

Kwa muda mrefu alikuwa akiitazama futi iliyoko shingoni mwangu.

"Na yule msichana yuko wapi sasa?"

"Sijui."

"Hukumtafuta?"

"Jina lake nililiandika kwa mkono wangu kwenye daftari lile, na sikumtafuta."

Nilidhani atasema neno la kunifariji, na nilijitayarisha kulikataa. Hakusema. Alimpigia mmoja wa wenziwe, akamwambia amrudishe kwenye kikundi. Huko upande wa pili wakacheka, wakamwita mtoro, wakamrudisha. Akavuta kigoda akakiweka chini ya taa, akaketi, kanzu akaikusanya mapajani ili isiguse vumbi la chaki.

Mimi nilichukua ile suruali ya askari, maana mwenyewe alikuwa akiingia zamu saa kumi na mbili. Nilisikia kijana akiandika, akafuta, akaandika tena. Simu ilikuwa ikilia kwa ujumbe unaoingia, mmoja baada ya mwingine, naye hajatuma wake. Akaniuliza, bila kuinua kichwa, kama "heshima" ina "sh" au "s" peke yake, kijana aliyepata alama nzuri ya Kiswahili. Nikamwambia. Nikakanyaga cherehani taratibu, nisiizidi sauti ya vidole vyake.